Kiti cha Milansi: Kuinuka na Kuanguka kwa Ukoo wa Twa Ufipani

Ukoo wa Twa ulitawala Ufipa kuanzia karne ya 18 hivi hadi mwaka 1963. Nchi yenyewe ni uwanda wa juu uliobanwa na maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800, na milima ya Mbizi iliyo jirani na mji huo inapita mita 2,400. Anayetoka Kirando au Kasanga, kwenye mialo ya dagaa na migebuka, akielekea Mollo uwandani, hupanda zaidi ya kilomita moja kwenda juu kabla hajafika kwenye nyasi. Huko juu miti ni ya kuhesabu, upepo hauna kizuizi, na Juni na Julai baridi humfanya mtu wa pwani ajutie safari yake.

Watawala hao wa Ufipa wasichanganywe na Watwa wa misitu ya Kongo na Rwanda, wawindaji ambao vitabu vya zamani viliwaita Mbilikimo. Twa wa Ufipa walikuwa watu wa kiti na ng'ombe, na asili yao inatafutwa kwenye nchi za wafugaji zilizo kaskazini. Kwa kipimo cha dunia ufalme wao ulikuwa mdogo. Ukoo wa Maurya, uliounganisha sehemu kubwa ya Bara Hindi, ulianza na Chandragupta karibu mwaka 321 kabla ya Kristo, ukafikia kilele chini ya Ashoka, na ukakatika mwaka 185 pale Brihadratha, mfalme wake wa mwisho, alipouawa na jemadari wake mwenyewe. Hiyo ni miaka isiyofika 140. Twa hawakuwa na majeshi ya tembo wala maandishi juu ya nguzo za mawe, lakini walikaa muda mrefu kuliko Maurya, na sababu inaanzia kwa waliokuwa na nchi kabla yao.

Waliokuwepo kabla ni watu wa Milansi. Kijiji hicho kiko chini ya mlima Itwelele, na mapokeo ya Kifipa yanakitaja kuwa mwanzo wa nchi. Mwene wake wa kwanza, yaani mtawala, Ntatakwa, anasemekana kushuka kutoka mbinguni dunia ilipokuwa changa. Hana baba wala hana alikotoka, na jambo hilo halikusemwa bure: asiyetoka popote hawezi kuambiwa arudi kwao. Kila ukoo uliokuja Ufipa baadaye ulikuwa na njia yake ya kuingilia, isipokuwa ule wa Ntatakwa. Kuhusu tarehe, mapokeo hayasemi chochote, na mwandishi anayebandika miaka kwenye enzi ya Milansi anabuni.

Kinachoweza kushikwa kwa mkono ni chuma. Mapokeo yanaihusisha Milansi na uhunzi, na Ufipa nzima imetapakaa mabaki ya kazi hiyo. Wataalamu wa mambo ya kale, Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mstari wa mbele, wametofautisha aina tatu za ufuaji katika eneo hilo: katukutu, ya zamani zaidi, iliyokuwa upande wa Ziwa Tanganyika, malungu, iliyoenea uwandani, na barongo, iliyotoka kaskazini. Malungu ndiyo inayomshangaza mgeni. Ni tanuri la udongo lenye umbo la mnara, linalofikia mita tatu kwa urefu, pana chini na jembamba juu, na mara nyingi lilijengwa karibu na kichuguu kwa sababu udongo wa mchwa hushikamana vizuri. Chini kabisa lilizungushiwa matundu ya kupitishia mabomba ya udongo. Tanuri hilo halikuvuviwa. Urefu wake wenyewe ulivuta hewa kutoka chini kama bomba la moshi, na moto uliendelea kuwaka mchana na usiku bila mtu kugusa mivuo.

Kazi ilianza kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Wanaume walikata miti ya mkaa, wengine wakachimba mawe ya chuma, wengine wakakanda udongo. Fundi mkuu alikuja na kapu lake la dawa, na baadhi ya dawa hizo zikazikwa chini ya sakafu ya tanuri kabla ya kuwashwa. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi: lilipambwa, likaimbiwa, na wafuaji walitakiwa kujitenga na wake zao hadi kazi iishe, kwa kuwa kwa muda huo walikuwa waume wa tanuri. Kilichotoka kilikuwa bonge la chuma lenye takataka nyingi. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, na hapo ndipo mivuo ilipofanya kazi. Mwisho wa safari ulikuwa ni jembe, shoka, mkuki. Padri Wyckaert, mmisionari wa Shirika la Mapadri Weupe, aliyaona hayo na kuyachapisha mwaka 1914, mila ikiwa bado hai.

Nchi yenye majembe mengi ililimwa kwa namna yake. Uwandani hakuna msitu wa kutosha kukata na kuchoma ili majivu yawe mbolea, kama walivyofanya majirani wa kusini. Wafipa wakapata njia nyingine, ile ya vilima vya ntumba. Masika yanapoelekea mwisho, udongo ukiwa umelowa, nyasi hukatuliwa pamoja na udongo wake na kukunjwa kuwa kifuko cha duara chenye upana wa hatua moja hivi, nyasi ndani, udongo nje. Maharage hupandwa juu yake. Ndani, nyasi huoza polepole. Mvua za mwaka unaofuata zinapokaribia, vilima hutawanywa na ulezi hurushwa juu ya udongo uliokwisha kurutubika. Kulima hivi kunachosha mno, lakini kunamwezesha mtu kubaki pale pale miaka mingi. Kijiji kisichohamahama kinaweza kuhesabiwa na kutozwa kodi, na kwa hiyo kinaweza kutawaliwa. Aliyeitaka Ufipa aliikuta imeshatengenezwa kwa ajili ya serikali.

Kuja kwa Twa kunasimuliwa hivi. Mwene wa Milansi alikuwa ameondoka nyumbani, amekwenda kuwinda. Huku nyuma wakatokea wanawake watatu wageni. Mke wa mwene akawapokea, na kiongozi wao akaketi kwenye kiti cha mwene. Mwene aliporudi, akakuta kiti kimekwisha kupata mwenyewe. Hakuna mshale uliorushwa. Mwene alikubali kuiachia nchi, ila akajibakizia Milansi na mlima wake Itwelele. Kwingine kote kukawa kwa yule mwanamke na uzao wake.

Kwa mtu wa leo hadithi hiyo inaweza kuonekana nyepesi kupita kiasi. Nchi haitolewi kwa sababu ya adabu za kumkaribisha mgeni. Nyuma yake yawezekana kulikuwa na vita, ndoa za kisiasa, au makundi ya wafugaji yaliyoingia kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lakini hadithi za namna hii hutungwa ili kueleza haki ya kutawala, na kwa kazi hiyo imesukwa kwa ustadi. Imeziridhisha pande zote mbili. Twa wanaonyesha kwamba hawakunyang'anya, walipewa. Milansi nayo inaonyesha kwamba haikushindwa, ilitoa. Mapokeo ya Bunyoro, ambako ukoo wa Wabito uliupokea utawala kutoka kwa Wachwezi, yanafanya kazi inayofanana: watawala wapya wanajifunga kwa kamba ya mapatano kwenye watawala wa zamani, ili wasije wakaitwa wavamizi na wajukuu wa waliowakuta.

Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliifuatilia hadithi hii kijiji kwa kijiji, na kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu dola ya Wafipa kingali ndicho msingi wa somo hili. Mwaka 1967 alikuwa ameandika makala akidai kwamba Wafipa waliuona uhusiano wa koo hizo mbili kwa mfano wa mwili: Milansi ni kichwa, Twa ni kiuno. Kichwa ni ukubwa wa kuzaliwa, akili na utulivu. Kiuno ni nguvu, uzazi na mwendo. Kichwa bila kiuno hakitembei. Ufafanuzi huo umebishaniwa, na pengine Willis aliupenda mpangilio wake kupita kiasi, lakini kwenye jambo moja alikuwa sahihi: Twa hawakuifuta Milansi. Mwene wa Milansi aliendelea kuwepo, na heshima ya ukubwa wa nchi ilibaki kwake, wakati amri, ushuru na hukumu vilikuwa mikononi mwa Twa.

Mapatano hayo yaliwapa Twa faida ambayo wavamizi wengi huikosa. Mvua zisiponyesha, haikuwa lazima lawama zote ziende kwao. Hawakuhitaji kuwa wenye ardhi ili wawe watawala. Gharama yake ilikuwa kwamba palikuwa daima na kijiji kimoja, chini ya mlima mmoja, kilichowakumbusha kuwa wao ni wa kuja.

Ugomvi wao mkubwa haukuwa na Milansi, ulikuwa wa wao kwa wao. Kama ilivyo kwa koo nyingi za kifalme, watoto waliongezeka na kiti kilibaki kimoja. Ukoo ukapasuka, na nchi ikapasuka nao, zikatokea dola mbili: Nkansi, iliyokuwa kubwa zaidi na kuelekea kaskazini na magharibi, na Lyangalile upande wa kusini mashariki. Dola zote mbili zilikuwa na wamwene wa Twa, zote zilimtambua Ntatakwa, na kwa vipindi zilipigana. Mgawanyiko huo haukuzibwa tena.

Serikali ya Twa ilikuwa na ngazi. Juu alikaa mwene pamoja na watu wa jamaa yake na maofisa aliowateua. Hao walisimamia maeneo, wakakusanya ushuru na kusikiliza kesi zilizoshindikana vijijini. Ushuru ulitolewa kwa chakula, kwa kazi katika mashamba ya mwene, kwa majembe na kwa nguo. Mwene naye alitakiwa kulisha wageni, kutoa zawadi na kuamua mashauri. Chini kilikuwepo kijiji, na hapo utawala ulibadilika sura, maana mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Wazee walimpima mtu kwa ukarimu wake, ulimi wake na namna anavyoishi na jirani. Asiyefaa aliweza kukimbiwa: watu walihamia kijiji kingine, na mkuu asiye na watu si mkuu. Hivyo ofisa wa Twa aliposhuka kutoka makao makuu alikuta mtu ambaye hakumteua yeye na ambaye hangeweza kumpuuza.

Ni rahisi kuusifu mpangilio huo zaidi kuliko unavyostahili. Ushuru ulikuwa mzigo, na mwanakijiji aliyelima shamba la mwene hakuwa akifanya hivyo kwa hiari ya moyo. Hata hivyo nguvu mbili zilizopingana, ya kuteuliwa kutoka juu na ya kuchaguliwa kutoka chini, zilikutana mahali palipojulikana, na mtu wa kawaida alijua mlango wa kupeleka malalamiko yake. Koo nyingi za watawala zimeanguka kwa kukosa mlango huo.

Katikati ya karne ya 19 mlango huo ulivunjwa kutoka nje. Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835 jua likiwa limepatwa, walifika Ufipa katika miaka ya 1840. Walikuwa wamepita nchi nyingi wakikusanya ng'ombe na vijana, na mbinu zao za vita, vikosi vilivyopangwa kwa rika na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu, hazikuwa zimewahi kuonekana uwandani. Ufipa ilikuwa na kila walichokitaka: ng'ombe, nafaka, nchi ya wazi isiyo na msitu wa kujificha. Wakakaa. Makao yao yaliitwa Mapupo, na huko Zwangendaba alifariki kabla ya mwisho wa mwongo huo.

Kifo hicho kiliiokoa Ufipa. Warithi waligombana na kundi likasambaratika. Watuta walikwenda kaskazini hadi Unyamwezi na pande za Ujiji. Wagwangara waligeukia mashariki, na uzao wao ndio Wangoni wa Songea. Mpezeni alifuata njia iliyomfikisha Zambia ya mashariki, na Mbelwa ile ya kaskazini mwa Malawi. Waliosalia Ufipa walihesabu hasara. Jambo la kuangaliwa ni kwamba Twa hawakufutika. Walipigwa, walikimbia, walitoa ng'ombe, lakini Wangoni walipoondoka hapakuwa na ukoo mwingine uliojitokeza kukikalia kiti. Dola iliyosimama juu ya mtu mmoja shujaa ingekufa naye. Hii ilikuwa na vijiji vilivyojichagulia wakuu wao, na vijiji hivyo viliendelea kulima ntumba.

Miaka iliyofuata, takribani kati ya 1860 na 1890, ndiyo kilele cha Nkansi, na jina lake ni Kapufi. Enzi yake ilikuwa ya biashara. Misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka Tabora na Ujiji ilikuwa imezifikia pande zote za Ziwa Tanganyika, na Kirando, kwenye mwambao wa Ufipa, ikawa bandari ya majahazi na mitumbwi. Pembe za ndovu zilitoka. Bunduki, shanga, nyaya za shaba na merikani ziliingia. Watumwa walipita pia, na historia ya ukweli haiwezi kulificha hilo: njia zilizotajirisha wamwene ndizo zilizopeleka watu sokoni.

Tofauti ya Ufipa na nchi nyingi za jirani ni kwamba ilikuwa na bidhaa zake. Mbali na majembe, ilikuwa na nguo. Pamba ililimwa kwenye bonde la Rukwa na mwambao wa Tanganyika, joto la huko chini likiifaa. Ilisokotwa kwa mikono kwenye pia, kisha wanaume waliifuma kwenye mtambo uliolazwa karibu na ardhi. Nguo hiyo ilikuwa nzito, yenye michirizi myeusi, ikidumu kuliko kitambaa cha dukani. Livingstone, aliyepita mwambao wa Ufipa akielekea kusini mwaka 1872, katika safari ambayo hakurudi hai, aliikuta pamba ikilimwa kwa wingi. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walipita kusini magharibi mwa Tanzania ya leo wakiubeba mwili wake kuelekea Unyanyembe na hatimaye Bagamoyo.

Joseph Thomson, Mskoti kijana wa miaka 22, alipita katika nchi ya Kapufi mwaka 1880 akitoka ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa amevuka nchi zenye kutozana hongo na kutishana bunduki, akavutiwa na jamii aliyoikuta Ufipa, yenye amani na bidii ya kilimo. Kisha akateremka kulitazama Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold, kana kwamba ziwa lilikuwa linasubiri kubatizwa. Jina hilo halikushika. Maelezo yake kuhusu amani yapokewe kwa uangalifu wa kawaida, kwa kuwa msafiri husifu nchi iliyomlisha, lakini yanakubaliana na wazee waliosimulia karne iliyofuata, ambao walimkumbuka Kapufi kama mwene ambaye katika siku zake mtu aliweza kutembea peke yake.

Amani hiyo ilikuwa na kasoro ndani yake. Ilitegemea misafara, na misafara ilitegemea pembe. Kadiri bunduki zilivyoongezeka ndivyo walivyotokea wakubwa wapya wasio na ukoo wala mapatano na Milansi: wafanyabiashara wenye ngome zao na askari wa kukodi. Mwene mwenye nguvu kama Kapufi aliweza kuwaweka mbali. Baada yake kazi hiyo iliwashinda warithi.

Wazungu nao walikuwa wamekwisha kufika ufukweni. Mwaka 1879 Cambier, afisa wa Ubelgiji, alijenga kituo Karema kwa niaba ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika ya mfalme Leopold wa nchi hiyo. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na kutoka hapo misheni zikashuka kando ya ziwa kuelekea kusini, hadi Kirando na Kala, kisha zikapanda uwandani. Karema ndiko alikofanya kazi Adrian Atiman, mtu wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, na kuwatibu watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Misheni ilileta aina mpya ya kijiji: watu waliokombolewa utumwani, yatima, na waliokimbia vita, wote wakiishi chini ya padri aliyewapa ardhi, akawaamulia ugomvi na kuwalinda. Kwa lugha ya Ufipa, hizo zilikuwa kazi za mwene. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, alikuwa pia mwandishi, na kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu nchi za Ziwa Tanganyika ni chanzo muhimu cha habari za Wafipa wa wakati ule.

Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka Ufipa upande wa Ujerumani, mpaka ukipita mto Kalambo. Katika mwongo huo huo sotoka, tauni ya ng'ombe iliyoshuka kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika, ilipita Ufipa kuelekea kusini. Ukoo uliojijengea heshima kwa kugawa ng'ombe ulijikuta na mazizi matupu wakati ambapo askari wenye bunduki za kisasa walikuwa wanapiga hodi. Wajerumani walijenga boma Kasanga na kuliita Bismarckburg. Kwa kulinganisha na yaliyotokea Uhehe au kwenye nchi za Majimaji, Ufipa ilitiwa mkononi bila damu nyingi. Wamwene waliachwa kwenye viti vyao, ila kazi ya viti ikageuka. Kodi ya nyumba ilikusanywa kwa ajili ya boma, kesi kubwa zilikwenda kwa boma, na biashara ya pembe, iliyokuwa uti wa mgongo wa Nkansi, ilikwisha. Milansi ilipoteza kidogo zaidi, kwa kuwa haikuwa na ushuru wa kunyang'anywa.

Tarehe 8 Juni 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliitwaa Bismarckburg, na Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani alikabidhi silaha mwezi Novemba 1918 huko Abercorn, Mbala ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wa Ufipa. Gavana Donald Cameron alipotunga sheria ya Mamlaka za Wenyeji mwaka 1926, lengo lake lilikuwa kutawala kupitia watemi wa jadi, na Ufipa ilionekana kumfaa sana: dola mbili zenye mipaka, wamwene wenye nasaba, na ngazi za maofisa zilizo tayari. Nkansi na Lyangalile zikapata mabaraza, mahakama, hazina na karani mwenye daftari.

Kwa juu juu huo ulikuwa ufufuko. Kwa undani ulikuwa mwisho. Mwene wa zamani alikula ushuru na kuugawa. Wa sasa alipokea mshahara. Wa zamani aliwasikiliza wakuu waliochaguliwa vijijini kwa sababu wangeweza kumwachia nchi tupu. Wa sasa alimsikiliza Mkuu wa Wilaya. Amri za kulima hiki na kuacha kile zilitoka ofisini zikapitia kwake, na chuki ya mkulima ikamwangukia yeye. Mapatano ya zamani yalikuwa yamewapa Twa mtu wa kugawana naye lawama, yaani Milansi. Mapatano ya Cameron yaliwapa lawama zote peke yao.

Majembe ya Ulaya yalishuka bei na malungu yakaacha kuwashwa. Katika miaka ya kati ya vita mbili za dunia ufuaji ukafikia ukingoni. Mitambo ya nguo ilinyamaza hivyo hivyo mbele ya merikani na khanga. Heshima mpya ilitafutwa darasani, na darasa lilikuwa la misheni. Ufipa ikawa moja ya nchi za Kikatoliki zaidi katika Tanganyika, ikatoa mapadri, masista na walimu. Karema ikawa jimbo kamili mwaka 1953, na mwaka 1969 jimbo hilo likapewa jina la Sumbawanga. Kijana mwerevu wa miaka ya 1950 aliyetaka kuwa mtu wa maana hakuwa na sababu ya kuitazama Nkansi. Alitazama seminari, ualimu, au TANU iliyozaliwa mwaka 1954.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watemi wachache walipata nafasi katika serikali mpya: Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri, na Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe akawa Spika. Walifika huko kwa elimu na siasa zao, kwa kuwa utemi wenyewe haukuwa na nafasi katika taifa lililotaka kuwa na mamlaka moja. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa kote Tanganyika. Katika Ufipa hakuna aliyeshika mkuki kuwatetea Twa, na hakuna aliyehitaji kushika mkuki kuwaondoa. Mahakama zao zikawa mahakama za mwanzo chini ya mahakimu wa serikali, hazina zao zikaingia katika halmashauri ya wilaya, na watendaji walioteuliwa wakachukua kazi za maofisa wao.

Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974, na Sumbawanga ikawa makao yake makuu. Jina la Nkansi limebaki katika Wilaya ya Nkasi, ambayo ofisi zake ziko Namanyere; Lyangalile haikupata wilaya ya jina lake.